Mashine ya Pamba Imewaka Kalamba

Jumanne, 2 Septemba 1997

Imefika! Lori la mzee Waithaka wa Emali limeishusha mchana huu, wanaume sita, na mmoja amejikata kidole. Kompyuta ya zamani, kabati la chuma refu kuliko mimi, buibui kila mahali. Jonah amezunguka mara mbili akaniuliza kama nimenunua friji. Nikamwambia hii ndiyo niliyokaa mbele yake miaka minne kabla hajanioa. Kisha akauliza itakula nini.

Swichi zote zipo. Kumi na mbili mbele, rangi ya machungwa na nyeupe. Nimezigusa moja moja. Vidole vyangu havijasahau.

Alhamisi, 11 Septemba

Wiki nzima ni brashi na kitambaa. Kiota cha panya ndani ya feni, na nyumba tatu za nyigu. Chini kabisa kulikuwa na bahasha ya kampuni yetu ya zamani — karatasi za programu, mwandiko wa Kiema! Zile namba 7 zake zenye mkia. Nimekaa sakafuni nikasoma zote kama barua.

Siku zile tulikuwa wawili tu kwenye kile chumba, Kiema kutoka Kanyangi na mimi kutoka hapa. Wengine wote ofisini walituita "watu wa pamba", kwa sababu kwetu ndiko inakolimwa. Yeye alikuwa anaandika programu, mimi naiingiza kwa swichi. Chumba baridi kama mlima, nje Industrial Area ya Nairobi inachemka. Saa nne chai, na Kiema anaimba nyimbo za kanisa, sauti ya pili, kwa sababu feni za mashine zilikuwa zinashika ile ya kwanza. Ndivyo alivyosema. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu na nilijua tunafanya jambo ambalo hakuna mtu kwetu aliyewahi kuliona.

Jumamosi, 20 Septemba

Pasta ametuazima jenereta ya kanisa, isipokuwa Jumapili. Mwalimu Evanson Muturi amekuja na mita yake ya umeme. Anafundisha fizikia sekondari hapa, mtu wa Nyeri, mpole, na ndiye aliyeiona mashine kwenye stoo ya mjomba wake Waithaka akaniambia.

Hatukuwasha moja kwa moja. Mashine iliyolala miaka kumi na tisa ukiipiga umeme wote inakufa. Tumeweka balbu ya wati mia njiani, umeme upite kwake kwanza, kidogo kidogo. Balbu ikawaka sana. Harufu ya vumbi linaloungua. Mwalimu akasema, "Mama Mumbua, tuzime?" Nikasema ngoja. Balbu ikafifia... ikafifia... Feni zikaanza!

Halafu taa. Nimelia, sitaficha. Jonah ambaye hakutaka hata kuingia alivua kofia.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Masikio yamejaa feni.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemweleza Mwalimu jambo ambalo hakuliamini. Kumbukumbu ya mashine hii ni vipete vidogo vya chuma, maelfu, vimefumwa kwa nyaya kama kyondo, kile kikapu chetu. Umeme ukikatika vipete havisahau. Na mashine hii haikufanya kazi tena baada ya Ijumaa moja ya Oktoba 1978, siku ya kosa kubwa. Walileta mpya, hii wakaisukuma kwenye ukuta.

"Kwa hivyo ile siku bado imo ndani?"

"Kama Mungu amependa."

Imo! Unaweka anwani kwa swichi, unabonyeza, taa zinakuonyesha namba iliyolala pale. Mimi nasoma taa, yeye anaandika. Tumepata mistari themanini leo. Mgongo unauma, na nina furaha ya kijinga.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumemaliza mistari yote mia na hamsini. Mwalimu ameuliza kilitokea nini siku ile. Nimemwambia kwa ufupi.

Ilikuwa orodha ya wakulima wa pamba, nani apewe mbegu na kituo gani. Kiema aliandika programu mpya ya kupanga orodha. Tukaiendesha. Badala ya kila jina kukaa mahali pake, kila jina likaandikwa juu ya la kwanza, mpaka likabaki moja tu. Ofisini walipanga orodha upya kwa kubahatisha. Malori ya Kanyangi yakaenda kwingine. Mvua ikanyesha, mbegu hakuna, ikaisha. Na Kiema ni wa Kanyangi! Alifukuzwa Jumatatu. Akashuka ngazi na kikombe chake cha chai mkononi. Mimi nikabaki.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwalimu ameazima kompyuta ndogo na disketi kwa rafiki yake Nairobi: programu ya kuigiza mashine yetu ndani yake. Kila swichi, kila taa, imechorwa kwenye kioo. Nilicheka kama msichana. Mashine nzima ndani ya kitu cha kubeba na begi!

Tumechapa programu ya Kiema kutoka kwa karatasi zake, tukaipa majina kumi ya kujaribu. Nilingoja lile kosa.

Hakuna kosa. Majina kumi, safi, kila moja mahali pake.

Tukajaribu tena. Safi.

Mwalimu akachapa ile tuliyoisoma kwenye taa. Jina moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimelinganisha mstari kwa mstari, rula mkononi. Zote ni sawa isipokuwa moja. Anwani 0317. Karatasi ya Kiema: 5204. Ndani ya mashine: 5200.

Swichi moja tu, ile ya 4 ya mwisho. Ya kumi. Haikupandishwa.

Aliyekuwa kwenye swichi ni mimi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijaiwasha tangu Jumanne. Mwalimu amepita, nimemwambia nina mafua. Alisimama mlangoni kidogo. Akasema labda tulisoma taa vibaya, balbu moja imekufa. Anajua haijafa. Ni mtu mzuri.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua imeanza mapema, na kubwa. Nimemwambia Jonah baada ya chakula. Alisikiliza mpaka mwisho. "Watu walishasahau, Mama Mumbua. Hata hiyo kampuni haiko."

Nikamwambia, Kiema hajasahau.

"Umejuaje?"

Sijui. Lakini siku ile Kiema aliniuliza — nakumbuka sasa, jameni, nimekumbuka tu leo — aliniuliza mbele ya meneja, "Mbula, uliangalia mara mbili?" Nikasema ndiyo. Sikusema uongo, nilidhani ni kweli. Tulikuwa tunaharakishwa, malori yanangoja. Lakini nilisema haraka sana.

Jonah amesema basi niandike barua. Nimeandika tatu, nimechana tatu. Ya nne inasema tu mashine imewaka, njoo uione. Mwalimu ataipeleka kwa mtu wa Ikutha anayefuga mbuzi na Kiema.

Jumamosi, 18 Oktoba

Amekuja!

Mvua zote hizi, barabara zimekatika, na amekuja. Kiema! Kofia, koti la mvua, magoti yamechoka. "Mbula. Wĩ mũseo?" Ananijulia hali kwa lugha yetu, sauti ile ile. Amempigia Jonah magoti ya utani, ati shukrani kwa kumtunza opereta wake.

Alipoona taa alikaa chini polepole. Kisha akaanza kuimba sauti ya pili, chini chini, na feni zikashika ile ya kwanza. Mwalimu alitoka nje.

Kwenye chai ametueleza mambo mengi, anacheka. Mbuzi, wajukuu. Jonah akamuuliza kama bado anaenda kwao Kanyangi. Akasema hapana. Hata kumzika mama yake alipitia njia ya nyuma, hakupita sokoni. "Pale kuna wazee ambao bado wananiita Bwana Mbegu," akasema. Akacheka tena. Peke yake.

Nilifungua mdomo. Jonah alinitazama. Nikasema nakwenda kuongeza maji ya chai.

Sasa niko jikoni na daftari kwenye magoti. Maji yamechemka, yamepungua, nimeongeza mengine. Jonah na Mwalimu wameenda kuangalia mtaro wa maji. Yeye amebaki na mashine. Nasikia swichi — tak, tak, tak — anabonyeza haraka kama zamani. Anasoma programu yake. Anaijua kwa kichwa, anwani kwa anwani.

Swichi zimenyamaza.

Tak. Amerudia hiyo moja.

Tena.

"Mbula!" Ameita. "Njoo hapa. Hii ya tatu-moja-saba... mbona si yangu?"

Kiti chake kimesogea. Hajaita kwa hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na hasira.

"Mbula?"

Naja. Nimesema naja, na bado naandika