Kibao cha Ngazi na Njiwa Mkaidi

Jumatano, 4 Oktoba

Wiebke kaingia na boksi. Katoka nalo Bremen kwa treni, kalipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Mjukuu wangu wa pekee, na hivi ndivyo alivyo. Hata koti hajavua, anafungua boksi.

Ndani – njiwa! Wa mbao. Kawachonga na kuwapaka rangi mwenyewe. Ni mchezo wa mezani, kautunga yeye. Mbio za njiwa. Nikamwambia, mimi njiwa nilishamalizana nao. Marehemu mume wangu Alfons akitoka mgodini, makaa bado masikioni, moja kwa moja bandani kwao. Njiwa anaitwa "kipenzi, njoo ndani". Mimi naitwa "Traudel, kahawa". Na shuka zangu kwenye kamba – wee! Nimefua mavi ya njiwa ujana wangu wote.

Kesho yanaanza yale maonyesho makubwa ya michezo ya mezani. Watu wazima wanatoka dunia nzima kuja Essen kutupa dadu. Nimezaliwa Essen na sijawahi kutia mguu humo. Wiebke kapata meza. Jumapili mwenye kampuni moja ya michezo, Bwana Overbeck, kaahidi kukaa acheze. Mwaka huu anachukua mchezo mmoja tu wa mtunzi mpya. Akiukataa, Wiebke anasema njiwa wote anawatia motoni, na hatungi tena kitu maisha yake. Atabaki na kazi yake ya bima. Nikamwambia bima ni kazi nzuri. Akanuna.

Rafiki yake wa kumsaidia kashikwa na mafua. Kwa hiyo mimi. "Bibi, wewe kaa tu mezani nikienda chooni. Usifanye kitu." Nisifanye kitu! Tangu nilipoacha shule nikaingia kwa dobi, sijawahi kupewa kazi ngumu hivyo.

Kibao cha ngazi za jengo letu nimekitia mkobani. Bi Brinkmann wa ghorofa ya juu namjua: mgongo wangu ukigeuka tu, kibao kinahamia mlangoni pangu. ZAMU YAKO YA KUDEKI NGAZI. Sheria ya jengo ni moja – unadeki, halafu unakitundika kwa jirani. Yeye anaruka kudeki, anaanza kutundika. Leo nimekitoa mlangoni kwake mwenyewe. Sasa atundike nini, ndoo?

Alhamisi, 5 Oktoba

Mungu wangu, watu! Mlango ulipofunguliwa wanaume wenye vitambi walikimbia. Au tuseme hawakukimbia, maana bango linakataza kukimbia. Walitembea kwa mwendo wa kukimbia. Magoti hayakunjiki. Kama bata waliochelewa kanisani.

Meza yetu iko ukumbi wa mwisho, jirani na vyoo. Nikasema pazuri hapa, kila mtu lazima apite. Wiebke hakucheka. Anayesimama anaelezwa kanuni. Kanuni ndefu kama mahubiri! Wanaitikia kwa kichwa, wanaingia chooni, wakitoka wanapitia upande wa pili.

Mchana akaenda kutafuta soseji. Nikabaki na njiwa. Wananitazama! Macho kawachora yale yale, ya kukodoa. Nikavua sweta nikawafunika. Halafu nikawa natafuta leso, natoa vitu mkobani, kibao nikakiweka juu ya sweta. Basi. Hilo tu ndilo nililofanya.

Wakaja wawili wenye ndevu. Wakaketi bila kukaribishwa. Mmoja akakisoma kibao kwa sauti, akaniuliza, huu mpya?

"Mpya wapi? Kinakuzidi umri wewe."

"Unachezwaje?"

"Hauchezwi. Ukikikuta mlangoni kwako, unadeki."

"Na nikimpitishia mwenzangu kimyakimya?"

"Deki kwanza, mchafu wewe! Nikikudaka unapitisha na hujadeki, unadeki mara mbili!"

Wakatazamana. Yule mnene akanong'ona: aisee, mtamu huu.

Na kweli wakaanza kupitishiana kibao chini ya meza! Mimi nikamdaka mnene. Nikamtupia leso. Akafuta meza, katikati tu, kama kawaida yao. Nikamuuliza, na kwenye kona atafuta nani, mama yako? Mwenzake akaandika: kona zinahesabika. Mtu akiumwa je? Cheti cha daktari! Na akicheka? Anayecheka anadeki! Wakaandika hilo pia. Wengine wakasimama nyuma yao. Hapa kwetu watu wawili wakisimama nyuma ya mtu, hiyo tayari ni foleni, na ikishakuwa foleni hakuna anayeondoka.

Wiebke alirudi na soseji, akasimama mdomo wazi. "Bibi! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Si ulisema nisifanye kitu?"

Ijumaa, 6 Oktoba

Foleni imefika vyooni na kupinda kona. Bibi mmoja alidhani ni foleni ya choo. Kafika kwangu, kadekishwa, kaondoka anashukuru, chooni kasahau.

Wengine wamekuja na matambara yao. Mmoja kaleta brashi ya kona. Jamaa wa kutoka Kassel, mwalimu kabisa, akaniuliza kama mchezo una nyongeza. Nikamwambia ipo: zamu ya mapipa ya taka uani. Akashika kifua. Kamwita mkewe aje asikie.

Ile meza haijapata kung'aa hivyo tangu ilipokuwa mti.

Wiebke kakaa pembeni, boksi mapajani. Siku nzima kaulizwa swali moja: dada, wewe ndiye mwisho wa foleni?

Nikamwambia, niwafukuze? Nikiwafukuza watafukuzika. "Hapana Bibi, waache, wanafurahi." Ni sauti ya Alfons hiyo, alipokuwa anaficha kikohozi. Siipendi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Bi Brinkmann kaja! Namwona katikati ya watu, koti lake la kahawia, ndoo mkononi. Ana hasira ya kunirarua, na bado kapanga foleni! Kupita watu mbele hathubutu. Kasogea hatua kwa hatua na ndoo yake, ananikazia macho, mpaka kafika.

"Bi Pawlitzki. Kibao."

"Bi Brinkmann. Salamu kwanza."

"Ngazi chafu! Majani yamefika ghorofa ya pili! Nimesimama na ndoo tangu asubuhi!"

"Si ungedeki?"

"Bila kibao? Nitajuaje kama zamu ni yangu?"

Foleni nzima ikapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mtu akamvutia kiti. Na yeye, shetani yule, akaketi! Hakudakwa hata mara moja. Vidole vyake ni vya mwizi wa gulioni. Nimekaa na macho yangu mawili na sikuona kibao kikipita. Sasa najua kilikuwa kinafikaje mlangoni pangu.

Mtu mmoja mwembamba, miwani imening'inia kifuani, alikuwa amesimama muda mrefu anatazama. Ndiye Bwana Overbeck. Kaja siku moja kabla, kasikia habari zangu kule ukumbi wa kwanza. Kanishika mkono. "Bi Pawlitzki, huu nauchukua. Nafasi ya mwaka huu ni yako. Kesho naleta karatasi tusaini."

Nikamuuliza, na njiwa je?

"Njiwa gani?"

Loo. Wiebke alikuwa palepale, nyuma ya kiti changu.

Hakulia. Afadhali angelia, ningemgombeza. Kalifunga boksi kwa kamba, kakaza fundo, akasema, "Chukua tu Bibi, ni haki yako. Wewe hukusoma kanuni zangu hata ukurasa mmoja, na umenishinda." Kwenye tramu kalipakata boksi mpaka nyumbani. Nikafungua mdomo nigombe, sikujua nigombe nini. Haijawahi kunitokea.

Bi Brinkmann alitutangulia. Kasimama kwenye ngazi na ndoo, anangoja, majani yamemzunguka. Nikatoa kibao nikakitundika mlangoni pangu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!

Akasema, lakini zamu si ilikuwa yangu?

"Ilikuwa. Sasa ni yangu. Na kibao hiki hakitoki tena jengo hili."

Akashika ukuta, maskini.

Jumapili, 8 Oktoba, asubuhi

Nimedeki. Kona zote.

Wiebke bado kalala kwenye kochi, kajifunika mpaka kichwa. Nimefungua boksi. Fundo limenitoa kucha. Nikapanga njiwa kwenye meza ya jikoni, nikasoma kanuni kwa kidole, neno kwa neno.

Chini kabisa – kopo la Alfons! Lile lake la njegere kavu, alilokuwa anatikisa uani kuwaita. Nilidhani nililitupa pamoja na banda. Mtoto huyu aliliokota lini?

Sasa, kanuni. Kufika si kushinda. Njiwa anaweza kuruka kuliko wote, akatua paani, akakaa. Hajafika mpaka aingie bandani. Alfons alishindwa hivyo mara ngapi! Njiwa wake yuko juu ya paa anajichokonoa manyoya, wa jirani mzembe anaingia, anachukua kombe. Kwenye mchezo unatikisa kopo, halafu unamwita njiwa kwa neno zuri. Wanaocheza nawe wakiliona si zuri, haingii.

Kila njiwa ana kadi yake. Nikachukua wa kijivu, yule mnene. Imeandikwa:

TRAUDEL. Hodari kuliko wote. Wa kwanza kufika, wa mwisho kuingia. Hugomba paani. Haingii kwa amri.

Ala! Mtoto mjinga! Bibi yake mzaa baba! Nilikasirika mpaka maziwa yakafurika jikoni, nikasahau kuyaepua. Nikacheza tena. Nikacheza na mkono wa kushoto dhidi ya wa kulia. Traudel kakaa paani mara zote mbili. Neno zuri sikulipata. Nilijaribu, peke yangu jikoni, na sikulipata!

Nikamwamsha Wiebke. Vaa viatu.

"Bibi, sitaki."

"Sikukuuliza."

Kakubali kwa sharti moja. Mchezo ukianza, nisitoe neno. Hata moja. Nikitoa neno, anafunga boksi anarudi Bremen leo leo. Sawa. Nimechukua daftari. Nisiposema nitapasuka.

Jumapili, mezani

Bwana Overbeck kaja na karatasi na kalamu. Kaangaza macho mezani. Kibao kiko wapi?

Kabla sharti halijaanza nilisema yangu: kibao ni mali ya jengo, kimetundikwa mahali pake, hakiuzwi. Hapa kuna njiwa. Keti!

Akaketi. Watu huketi nikiwaambia keti.

Foleni imenung'unika. Wengine wameondoka na matambara yao. Mwalimu wa Kassel kabaki.

Wiebke anaeleza. Anameza maneno. Sema kwa sauti, mtoto! – sijasema, nimeandika.

Overbeck kaangalia saa.

Kagawiwa wa kijivu. Hakuchagua, ni kadi tu ilivyoanguka. Siwezi kutazama. Natazama.

Dadu zinamkubali. Traudel kapita mto, kapita nguzo za umeme, kapita mwewe. Overbeck kavaa miwani. Kasogeza kiti mbele. Traudel katua paani, wa kwanza kabisa! Akamshika amwingize bandani. "Nimeshinda?"

Wiebke: "Bado. Hajaingia."

"Mbona asiingie?"

"Hataki."

Mwalimu wa Kassel kacheka, kisha katazama huku na huku kama atadekishwa.

Overbeck akamwambia njiwa, "Ingia!" Kama anaamrisha mbwa.

Wiebke: "Haingii kwa amri, bwana."

Nimejing'ata mkono. Njiwa wa Wiebke amebakiza hatua moja. Zamu ijayo anaingia, na huyu atasimama, atasema asante, ataondoka na karatasi yake. Tikisa kopo, mwanamume! Liko mbele yako! Kopo!

Kaliona. Kaligeuzageuza. Kaliweka chini. La, kalichukua tena.

Katikisa.

Sauti ileile. Ya uani.

Kavua miwani. Hatazami mtu, anamtazama njiwa tu. Kasema kwa sauti ndogo, ya mtu aliye peke yake nyumbani: "Traudel. Njoo ndani, mama. Umeruka sana. Umechoka, kipenzi, njoo."

Na mimi – pumbavu! – nimeinuka. Nusu.

Yeye hajaniona. Wiebke kaniona. Ndiye anayetakiwa aseme kama neno ni zuri au si zuri, na mdomo kaufungua, na hasemi, ananitazama mimi. Daftari liko ubavuni, naandika hivihivi, sijakaa wala sijasimama, na kopo bado linatikiswa. Sasa kasema, macho bado kwangu: "Zuri. Ameingia."