Mwanangu alinikaribisha kama mgeni

Jumapili, Kamachumu. Mvua ilianza tulipokuwa tunamenya ndizi na mpaka sasa jioni haijaamua kukatika. Migomba ya mama inadondosha maji kwenye bati la jikoni. Nimekaa barazani na simu yenye chaji kidogo, naandika kwa mkono mmoja, maana mwingine nimeukunja kifuani kuficha blauzi iliyolowa.

Haijalowa kwa mvua.

Nimekuja kumchukua Koku. Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua nilimleta kwa mama mwezi uliopita ili aache ziwa. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Mtoto akigoma kuacha anapelekwa kwa bibi yake, na mama mtu haonekani mpaka mtoto asahau. Nilishajaribu mwenyewe kule nyumbani Buhembe. Nilipaka shubiri. Koku alionja, akakunja uso, akaifuta kwa kiganja, kisha akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyepikiwa chakula kikaungua na hataki kumvunja moyo mpishi. Akaendelea kunyonya. Nilicheka mpaka nikalia.

Ila kulia kule hakukuwa kwa kicheko peke yake. Nilikuwa nimechoka. Mchana nashona sare za shule kwa Mama Nuru pale mjini, usiku nanyonyesha mpaka mgongo unawaka. Baba Koku yuko kisiwani Goziba, anatengeneza mashine za mitumbwi, huwa anakuja akipata boti. Kwa hiyo siku ile nilipomkabidhi mtoto kwa mama, nikatokea nyuma ya nyumba nikapita kibanjani katikati ya migomba ili asinione nikiondoka, machozi yalikuwa yananitoka, lakini miguu ilikuwa myepesi.

Hilo la miguu sijawahi kumwambia mtu.

Na baada ya hapo nilikaa vizuri. Niseme ukweli, shajara ya nini kama nitadanganya. Nililala kama mtu aliyeanguka. Nilikula ndizi zikiwa bado zinatoa moshi. Nilirudi kwenye mazoezi ya kwaya, nikakuta sauti yangu ipo palepale nilipoiacha. Siku moja Mama Nuru alinyanyua kichwa kwenye kitambaa akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Mwenzetu leo unashona huku unaimba. Nani kakuoa upya?" Tulicheka wote pale dukani.

Kabla kicheko hakijaisha likanijia wazo. Kama nisingezaa, si ningekuwa naimba hivi kila siku? Nikasimamisha cherehani. Niliogopa kama mtu aliyejiona kwenye kioo akiwa na sura ya mtu mwingine.

Nampenda mwanangu. Na wiki zile sikutaka ziishe. Yote mawili yamo ndani yangu na sijui niyaweke wapi.

Baba Koku alipopiga simu na kusikia mtoto ameacha, alifurahi sana. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi apaze sauti. "Basi mama, tumtafutie mwenzake." Nikamjibu tutaona. Hilo ndilo neno langu ninapoogopa kusema sitaki. Mama mkwe naye, nilipompitia kule Nyanga, aliniwekea chai mbele akaniambia kwa upole kabisa, "Mkamwana, usingoje mpaka mtoto aanze kukuuliza mdogo wake yuko wapi." Si watu wabaya. Wananipenda. Ila hakuna aliyeniuliza kama nataka. Hata huyu Koku, nilikuwa ndiyo kwanza namaliza kujifunza kushona, shule yenyewe niliishia kidato cha pili. Nikaambiwa hongera kabla sijajua ninajisikiaje.

Leo basi. Njia nzima nilikuwa na hofu moja tu, kwamba Koku akiniona ataruka kifuani na kazi yote ya mama itaharibika. Nilivaa blauzi ya vifungo mpaka shingoni, kama sista. Kwenye mfuko nilikuwa na gauni nililomshonea kwa vipande vilivyobaki vya sare.

Nikabisha hodi.

Koku akatoka. Amenenepa kidogo, nywele kanyolewa. Alisimama akaniangalia, mimi nikawa nimeshakunjua mikono. Akapiga magoti mawili kwenye mkeka, taratibu, kama watoto wa kwetu wanavyofundishwa, akasema, "Kamoo."

"Marahaba," nikasema. Lilinitoka tu.

Akanyanyuka akaingia ndani. Akarudi na kikapu kidogo cha mama cha kahawa za kutafuna, amekishika kwa mikono miwili, ulimi nje kwa kujitahidi kisimwagike, akaninyooshea. Humu ndani mgeni hakai hivihivi bila kupewa kahawa.

Mama alikuwa mlangoni anacheka kwa fahari. "Umeona? Huyu, mgeni yeyote akija, hamkosei." Kisha akaniona usoni, akaacha kucheka.

Nilichukua kahawa nikaitafuna. Nimeitafuna tangu utotoni, lakini leo niliitafuna kama mgeni.

Nilikuwa naogopa atanidai ziwa. Hata kuliangalia hakuliangalia. Alimpandia mama mapajani, akalaza kichwa, usingizi ukaanza kumsumbua, akalialia, "Mama, mama," uso ameuzamisha kwenye kitenge cha bibi yake. Hapo ndipo maziwa niliyodhani yamekauka yakanitoka. Mwili haukuwa umesikia kwamba anayeitwa si mimi.

Akiwa amelala tukakaa jikoni na mama tukimenya ebitoke, ndizi za jioni. Mvua ikaanza. Mama akasema bila kuniangalia, "Mwache hapa, Adela. Wewe bado mdogo. Pata mwingine, huyu atakulia kwangu. Mimi ananichangamsha."

Niliendelea kumenya, na moyoni sikuwa nakataa. Niliona kitanda changu kimetulia. Niliona kwaya. Niliona cherehani ya kwangu mwenyewe na mlango wa duka langu barabarani. Neno "sawa" lilikuwa limeshafika mdomoni.

Lakini mimi mwenyewe nimelelewa na bibi. Nilipelekwa kwake kuachishwa ziwa kama Koku, nikarudishwa kwa mama siku za kuanza darasa la kwanza. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Leo nikauliza.

"Mama, mimi mbona ulinichukua nimeshakuwa mkubwa?"

Kisu chake hakikusimama. "Nilikuwa nimempata kaka yako. Halafu yule mwingine."

"Kwa hiyo hukuja."

"Nilikuja, waitu, mwanangu. Mara nyingi tu. Kila nikija unakimbilia uvunguni kwa bibi yako hutoki mpaka niondoke. Nikaona nisikusumbue."

Nauona uvungu ule. Kulikuwa na magunia ya kahawa, na vumbi lake lilinipigisha chafya nikaziba pua nisisikike. Miaka yote nimekumbuka uvungu. Sikukumbuka nilikuwa namkimbia nani.

Na yeye alikuwa akisimama pale sebuleni na zawadi zake mkononi, halafu anarudi.

Nikamuuliza lile lingine, maana nilijua nikinyamaza leo sitauliza tena. "Ulitaka kutuzaa?"

Akacheka kidogo puani. "Nani aliniuliza? Mlikuja tu. Niliwapenda mkishafika."

"Na kabla hatujafika?"

Akafuta utomvu wa ndizi mikononi, polepole, kidole kwa kidole. "Kabla nilikuwa naogopa. Haya, menya, maji yanachemka."

Nikamenya. Tulimenya mpaka mwisho, mabega yetu yanagusana, na hakuna aliyesogea.

Nikamwambia simwachi Koku. Akaitikia kwa kichwa tu. Sikusema nitamchukua kesho, maana siwezi kumbeba mtoto analia kama anaibwa. Nilimwandikia Mama Nuru nikaomba siku chache. Amejibu, "Kaa na mwanao. Ila usinihamie huko, sare nitashona na macho haya?" Nilicheka peke yangu, mara ya kwanza leo.

Baba Koku nimemwandikia pia. Nilianza na tutaona, nikafuta. Nikaandika, "Baba Koku, mtoto mwingine sitaki kwa sasa. Kama nitataka baadaye sijui. Nataka kwanza huyu anijue." Goziba mtandao unakuja na kuondoka. Sijui kama ujumbe ameusoma. Sijui atasema nini akiusoma, na mimi nampenda, sitaki kumpoteza.

Lakini umekwenda.

Koku aliamka, akakubali nimvalishe lile gauni kwa sababu lina mfuko, akatia ndani kokoto mbili. Tukala. Baada ya chakula jirani wa mama akapita kujikinga na mvua, na Koku akakimbilia kikapu. Akampa jirani. Akampita bibi yake, maana wa nyumbani hakaribishwi, akitaka anachota mwenyewe. Akaja mpaka kwangu akasimama, mikono miwili, ulimi nje.

Nikapokea tena. Nikamwambia asante mwanangu. Akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko mchana, au ni mimi ninayetaka iwe hivyo, kisha akaenda zake.

Alfajiri nitafagia uwanja. Nitateka maji, nitamwogesha akikubali, nitamwimbia zile za kwaya. Na mgeni akija nitakaa palepale kwenye mkeka karibu na mama, nitulie, niangalie kikapu kinakwenda wapi.

Kikinipita, nitakuwa nimerudi nyumbani.