Vibao Nilivyoviosha

Bakhtawar, leo Jumanne tarehe 4 Februari, ukungu tangu alfajiri, nimeharibu.

Jana darasa la pili waliandika habari za mama zao kwenye vibao vya mbao, ili mkaguzi aje asome leo; mimi sikujua. Nami, msaidizi wa darasa lao, nimetoka kuswali nikaenda shule mapema. Nikaviosha vibao na kuvipaka udongo mweupe ili viandikwe upya, kama kila asubuhi.

Vyote, dada. Thelathini.

Mwalimu Shagufta akaniuliza, "Kwani hukusoma yaliyoandikwa?" Sikusoma. Mwaka mzima wa masomo ya jioni, na macho yangu bado yanaona wino tu.

Gulnaz, yule aliyefiwa na mama yake, akanishika shali. "Shangazi, umemfuta mama."

Umemfuta mama. Mungu wangu, nisamehe.

Kuandika upya leo haikuwezekana, vibao vimelowa na jua la kuvikausha hakuna. Mkaguzi akasema, "Nitarudi Jumamosi. Nisipopata cha kusoma, mama huyu msaidizi aache kazi, abaki na masomo yake ya jioni tu."

Nikasimama mbele yao wote. Nikasema, "Jumamosi mtaandika tena. Nami nitakaa chini na kibao changu, niandike habari za mama yangu, na mkaguzi ataanza kwa kusoma changu."