Beseni Langu Lilinyamaza

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, ya kupiga mabati bila kupumzika. Niko kwenye veranda ya hospitali, naandika kwa simu, Neema amelala mgongoni. Ana miezi minane tu. Nina hasira, basi niandike, nisije nikamtukana muuguzi asiye na kosa.

Wanaonisoma wakiwa mbali niwaeleze kwanza. Sisi wanawake tunaolima mihogo nyuma ya uwanja wa ndege, hapa Kisangani, tuna utaratibu wetu. Tangu waasi waanze kutuma zile ndege zisizo na rubani, anayesikia mlio wa kwanza upande wa msitu anapiga beseni. Wa shamba linalofuata anapokea, anapiga lake, mpaka sauti inawafikia wapakizi wa mizigo kule uwanjani. Mume wangu, Papa Neema, ni mmoja wao. Shamba langu ndilo la mwisho, linagusa msitu. Kwa hiyo beseni la kwanza ni langu.

Wiki iliyopita nilisikia mngurumo, nikapiga. Wanaume wakaacha mizigo, wakajitupa mtaroni. Kumbe ilikuwa mashine ya watu wa mbao, wanakata miti ndani ya msitu.

Walicheka mpaka jioni. Mmoja alinipita kwa baiskeli, akapaza sauti: "Bon, Mama Neema, kesho utatupigia hata mbu?" Mkubwa wao aliwafokea kwa kupoteza muda wa kazi. Papa Neema, aibu ilikuwa imemkaa usoni, aliniambia kwa upole tu: "Ukuwe na hakika kwanza, kisha upige."

Nikatii.

Jana mchana, jua kali, nilikuwa nachuma pondu, majani ya mihogo. Nikasikia tena. Mkono ukaenda kwenye beseni, ukasimama hapo. Nikajiambia, sikiliza kwanza. Ni mashine ya mbao? Ni pikipiki? Nikiwa bado nasikiliza, kitu kikapita juu ya michikichi, chini kabisa, matawi yakatikisika. Halafu kishindo. Halafu moshi.

Sikupiga.

Nilikimbia hadi uwanjani na mtoto mgongoni, kiatu kimoja kilibaki kwenye matope. Nilimkuta mume wangu amekaa chini, damu inamtoka sikio la kushoto, mguu umechanwa na chuma. Akanitazama.

"Nilikuwa nasikiliza beseni yako," akasema.

Hakusema kwa kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Asubuhi hii alikuja Tonton Ramazani, baba mdogo wa mume wangu, zamani alikuwa fundi wa ndege. Alileta kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamuuliza, kwani wanajeshi hawana rada? Akasema rada iliyo chini ni kama mutu aliyekaa chini: mbele yake miti, na kinachoruka karibu na miti hakioni mpaka kimefika. Nchi zenye uwezo zinarusha ndege iliyobeba rada mgongoni, duara kubwa kama sahani. Inazunguka juu sana, inatazama chini, inakiona kitu kikiwa bado mbali, inawaambia walio chini: jiandaeni, kinatokea upande huu.

"Na sisi tuko na nini, tonton?"

"Sisi?" Akacheka bila furaha. "Sisi tuko na wewe, mama."

Na redioni mkubwa mmoja anasema anga letu linalindwa. Linalindwa na nani? Na mimi, niliyeishia darasa la sita? Kila mwaka tunashona kitenge kipya tunacheza uhuru, na kazi ya ndege nzima wamemwachia mwanamke mwenye beseni la kubebea pondu. Halafu akikosea, kicheko!

Nikamuuliza tonton swali moja la mwisho. Hiyo ndege ya sahani, haikosei kamwe?

"Inakosea sana. Iko inaona hata kundi ya korongo. Watu wanakimbia bure, wanarudi kwa kazi yao. Nani ataicheka?"

Hapo hasira yangu ikapata pa kukaa.

Daktari anasema mguu utapona. Sikio hajui. Neema ameamka, ananivuta nywele, anaichekea mvua. Namwambia mwanangu, wewe utasoma kuliko mimi. Labda siku moja utakaa ndani ya ile ndege, utuangalie sisi wote huku chini, na mama yako alime mihogo yake kwa amani. Naamini hivyo, hata leo.

Wenzake Papa Neema wanarudi kazini kesho. Nami nitarudi shamba. Ikiwa ni mashine ya mbao, nitapiga. Ikiwa ni pikipiki, nitapiga. Ikiwa ni mbu, nitapiga.

Wacheke. Wacheke wakiwa wazima.