Nusu Ekari Yako, Baba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwako hapa Matiri, mahindi yamefika kiunoni na moyo wangu umetulia. Nimeona nikwambie mwenyewe: ile nusu ekari yako imekwisha.

Unakumbuka siku mtendaji wa kijiji alipoandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku? Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ulipoulizwa ukubwa wa shamba ulikohoa, ukatazama bati la paa, ukajibu, "Nusu ekari." Mteremko wote ule, kahawa juu na ngolo za mahindi chini, mashimo kwa mashimo kati ya matuta ya nyasi zilizofukiwa, mpaka kijitoni, ukaufanya nusu ekari. Njiani nilikuuliza sababu, ukasema serikali haipimi shamba la mtu bure. Leo mbolea, kesho kodi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yako, Baba, ilidumu misimu miwili mizima.

Mbolea ikaja ya nusu ekari kweli. Mama aliigawa kwa kizibo cha soda, shina kwa shina, na haikuwahi kuvuka katikati ya mteremko. Mahindi ya juu yakawa ya kijani, ya chini ya njano, kila mpita njia akauona mpaka wa uongo wako. Tulicheka, ila chakula kilipungua. Tukanunua mahindi sokoni Kitai, sisi tuliozoea kuyauza.

Ulipofariki, Mama hakuizima simu yako. Aliipeleka kuchajiwa kila wiki, maana namba ya mbolea huja humo. Ilikuja, lakini wakala wa mbolea akamkatalia, kwa sababu kidole kilichosajiliwa ni chako. Ikabidi yeye aandikishwe upya. Afisa ugani, binti aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akaja mwenyewe shambani, nami nikapanda kutoka Mbamba Bay ninakoishi sasa, nimsindikize Mama.

Binti akauliza ukubwa wa shamba. Mama akainama, akawa anapanga nyasi za ngolo pale ulipozoea kuzipanga wewe, naye akikufuata nyuma kuzifukia kwa udongo. Niliogopa sana. Akisema nusu, tutanunua tena mahindi mwaka huu. Akisema kweli, amekuumbua kaburini. Mwishowe akasema taratibu, "Mwanangu, siwezi kumfanya marehemu mwongo."

Yule binti hakucheka. Alifunga daftari kwanza, akachuchumaa karibu naye.

"Mama, marehemu simwandiki. Nakuandika wewe."

Mama akanyooka. Akaonyesha kwa jembe kutoka kwenye kahawa mpaka kijitoni, akataja ekari mbili na nusu, kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Sasa mbolea imefika chini kabisa. Kizibo bado anakitumia, mazoea yana taabu, ila shamba lote lina rangi moja. Nilikukasirikia muda mrefu, Baba. Leo nimeelewa kwamba uliogopa kwa ajili yetu, na hasira imeniisha.

Jana Mama aliizima simu yako, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na rozari yako. Ameniagiza nikwambie kwamba mpaka leo hakuna aliyekuja kudai kodi. Pumzika sasa.

Ni mimi binti yako, niliyesimama nyuma yako siku ile nikanyamaza.