Kona ya Mapipa

Majunga, 8 Agosti 1962

Dada yangu Echata,

Salamu nyingi hapo Hell-Ville. Mama hajambo? Mtoto ameshaota meno? Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka.

Ulinileta kwa baba mkwe wako, Fundi Elamine, anifundishe gari la mashindano. Mimi najua nakuja kuruka! Kumbe wiki tatu nzima ananizungusha kwa miguu kwenye ule uwanja wa ndege wa zamani walikopanga mapipa ya kuonyesha kona za mashindano. Kwa miguu, dada! Nihesabu hatua, nimwonyeshe pa kukanyaga breki, pa kuachia. Nikimwambia gari linanoga likikimbia, ananijibu raha itakuja yenyewe, kwanza nijue kusimama. Hamada, mwanafunzi mwenzangu, akawa ananicheka eti natembezwa kama mbuzi wa sadaka.

Jumamosi akatupima. Fundi mwenyewe akatangulia na gari lake, akasema nikimpita kwenye kona ya mwisho ananiandika mashindano ya Jumapili ijayo. Nikamfuata mpaka naona shingo yake. Kufika kwenye kona, nikaachia mafuta, nikabaki nyuma. Akashuka amewaka, kwa nini sikupita? Nikamwambia nitampitaje baba mkwe wa dada yangu, nimtimulie vumbi mbele za watu?

Basi, uwanja mzima ukalainika. Wazee wakanishika mkono. Fundi akasema kosa ni lake, hakupaswa kujiweka yeye mbele yangu. Akaniandika! Mama mkwe wako naye anatangaza kila nyumba kwamba kwetu tunajua kulea, na barua yake ya kukupongeza imepanda meli ya juzi.

Dada, ni uongo. Adabu haikunijia hata kidogo, nilitaka kumpita kufa na kupona. Sikujua pa kushika breki. Siku za kuhesabu hatua za kona ile nilitoroka na Hamada, tukaenda ufukweni Antsanitia kuteleza mchangani na gari la mjomba wake, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Niliogopa, basi.

Jumapili kona ni ile ile, na Fundi anaamini naijua. Nikishaitia hii posta napita kwake kumwambia alifute jina langu. Nimeanza na wewe, usije ukasikia kwa mtu mwingine. Pongezi zikifika, usizipokee.

Mbusu mtoto, na mama mpe mikono yangu yote miwili.

Ni mimi mdogo wako, nimejikasirikia mwenyewe,

Boinali