Meno ya Shangazi Uhamiaji

Shoga, acha kila kitu usome. Nimetoka Uhamiaji na shangazi, uso sijui niuweke wapi.

Unajua alikwenda nchi ya kwetu kumuuguza bibi miezi mitatu, ikawa miaka sita, kibali chake cha ukaaji wa kudumu kikafutwa. Leo kaitwa athibitishe kwamba hakuhama, kwamba siku zote alikusudia kurudi. Wenzake wamekuja na hati za nyumba na barua za benki.

Shangazi kaja na meno.

MENO, shoga! Yale ya bandia aliyoyasahau kwa jirani yake fundi cherehani siku ya safari. Ndiyo kwanza kayapata tena wiki hii. Kayatoa mkobani, yamo ndani ya kopo la jemu, kalitua mezani kwa afisa, ko!

"Mwanangu, mtu anayehama huacha meno?"

Afisa kayatazama meno. Meno yakamtazama afisa.

"Mama, miaka sita ulikuwa unakula nini?"

"Supu, mwanangu. Supu na subira."

Foleni nzima imeinama, mabega yanatikisika. Afisa hata hakutabasamu! Kachukua fomu, kwenye "Vielelezo" kaandika: meno, seti moja. Kagonga muhuri.

Shangazi kanyoosha mkono achukue kopo lake.

"Hapana, mama. Kielelezo kinabaki kwenye jalada mpaka uamuzi utoke. Siku tisini."

Sasa tuko nje kwenye ngazi, kanishika mkono, ananiambia kwa uchungu kabisa: "Mwanangu, meno yamepata pa kukaa. Bado mwenyewe."